Wimbo uliozaliwa ukiwa zilipendwa

Mwaka 1956 wimbo mmoja uliorekodiwa chini ya kanisa katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, uliingia kwenye chati kuu ya nyimbo za Marekani, ukapanda hadi nafasi ya 24, kisha ukateremka. Kwenye chati ya muziki wa Wamarekani weusi ulifika mbali zaidi, nafasi ya 3. Ni mafanikio, lakini si ya kutikisa nchi. Wiki ile ulipofika juu kabisa kwenye chati kuu, kulikuwa na nyimbo nyingine 23 zilizokuwa mbele yake. Mtafute mtu leo akutajie kumi tu kati ya hizo. Utazunguka mji mzima. Lakini huu wa nafasi ya 24, "In the Still of the Nite" wa kundi la The Five Satins, haujanyamaza mpaka leo. Unapigwa harusini, unapigwa redioni, filamu zinauazima, na wapo wanaokariri kiitikio chake ilhali mwaka ule hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa.

Jibu la haraka ni kusema ya kale ni dhahabu. Silikubali. Mengi ya kale ni vumbi. Nyimbo za mwaka 1956 zilizosahaulika ni nyingi mno kuliko zinazokumbukwa, na umri peke yake haujawahi kuokoa wimbo. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimekaa na wimbo huu muda mrefu, nikiuandika sauti kwa sauti kwenye daftari, na nilichokiona ni hiki: hauzeeki kwa sababu tangu siku yake ya kwanza ulikuwa kumbukumbu. Wamarekani wana neno lao kwa nyimbo za zamani, nalo linataja uzee tu. Sisi tuna neno bora zaidi, zilipendwa, ambalo halisemi lolote kuhusu umri. Linasema kuna mtu aliyependa. Wimbo huu ulizaliwa ukiwa zilipendwa. Ili kuona jinsi hilo lilivyowezekana inabidi tupite kona ya mtaa, kambi ya jeshi, na ukumbi wa chini ya kanisa.

Tuanze na kona ya mtaa, maana ndiko muziki huu ulikotoka. Doo-wop ni uimbaji wa makundi ya vijana, hasa weusi, uliochanua katika miji ya Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960: New York, Philadelphia, Baltimore, Chicago, Los Angeles. Baadaye waliingia pia vijana wenye asili ya Italia na Puerto Rico. Vijana wanne au watano, mifuko mitupu, bila ala yoyote, wanasimama kwenye ngazi za jengo, kwenye ujia wa shule au kituo cha treni, popote penye ukuta unaorudisha sauti. Mmoja anaongoza. Mwingine anashika besi. Waliobaki wanajaza katikati. Na kwa kuwa hawana gitaa wala tarumbeta, midomo yao inafanya kazi hiyo: du, wop, shu-bi-du, dum-dum-dum. Silabi hizo zisizo na maana ndizo baadaye zilizoupa muziki wote jina, na jina lenyewe lilichelewa sana. Lilianza kuonekana gazetini mwaka 1961, muziki ukiwa umeshaanza kupisha mitindo mingine.

Aliyewahi kuimba kwaya, iwe Dodoma, Kisumu au Bukavu, hahitaji kuelezwa zaidi. Mpangilio anaujua: sauti moja inasimulia, nyingine zinaitika, besi inabeba nyumba nzima. Chanzo ni kilekile pia kwa sehemu kubwa, yaani kanisani. Vijana hawa walilelewa na makundi ya injili ya sauti nne, wakaongeza waliyoyasikia kwa makundi yaliyowatangulia: kwa Mills Brothers, ambao waliiga ala kwa midomo, na kwa Ink Spots, ambao walizoesha masikio ya watu kusikia sauti nyembamba ya juu ikielea na besi nzito ikizungumza chini. Kisha yakaja makundi ya The Ravens na The Orioles, yote mawili yakijiita kwa majina ya ndege, na baada ya hapo kila mtaa ukataka ndege wake. Wakaja Penguins, wakaja Flamingos.

Sasa twende kambini. Fred Parris alizaliwa mwaka 1936 Connecticut, akakulia na kuimba New Haven. Kabla ya Five Satins alikuwa na kundi jingine, The Scarlets, lililotoa santuri chache. Alipoingia jeshini alipelekwa Philadelphia, umbali wa saa chache kwa treni kutoka nyumbani, na mwishoni mwa juma akipata ruhusa alirudi New Haven kumwona msichana wake. Wimbo aliuandika akiwa askari, na alisimulia kwamba maneno yalimjia akiwa lindo usiku wa baridi. Hebu mfikirie. Kijana hajafika miaka ishirini, amesimama gizani na sare, hana wa kuzungumza naye, na kazi yake ni kutolala. Anachokitazama si kilicho mbele yake. Anatazama nyuma, usiku mwingine kabisa, wakati hakuwa peke yake.

Hapo ndipo siri ya kwanza ilipo. Nyimbo nyingi za mapenzi za wakati ule zilikuwa za kuomba: njoo, nipende, niambie ndiyo. Nyingine zilikuwa za kulia: umeniacha. Huu wa Parris hauombi kupendwa, na haulalamiki kwamba kuna aliyeachwa. Unakumbuka. Mtu anasimulia usiku mmoja wa mwezi wa Mei, nyota zilivyong'aa, alivyotumaini na alivyoomba Mungu penzi lile alitunze, kisha anataka kukumbatiwa tena kabla hakujapambazuka. Basi. Hatujui msichana ni nani. Hatujui walikutana wapi, wala kama walioana, wala nini kilitokea asubuhi. Hata jina la wimbo lilipobadilishwa kidogo kwenye baadhi ya santuri zilizofuata, neno lililoongezwa lilikuwa "nitakumbuka". Tahajia ya ajabu ya neno la mwisho, Nite, nayo ilikuwa ya kuutofautisha na wimbo wa Cole Porter wa mwaka 1937 wenye jina hilohilo.

Wimbo wa kuomba huzeeka, kwa sababu anayeomba anaomba kitu cha wakati wake: gari la wakati wake, dansi ya wakati wake, misemo ya wakati wake. Wimbo wa kukumbuka haubanwi na wakati. Ulipotoka mwaka 1956 ulizungumzia usiku uliokwisha kupita, na leo unazungumzia usiku uliokwisha kupita. Msikilizaji wa kwanza kabisa aliupokea akiwa amechelewa, na sisi tumechelewa vilevile. Miaka inayoongezeka haiuondoi wimbo kwenye mada yake, bali inaufikisha hapo.

Ukumbi wa chini ya kanisa nao una hesabu yake. Kundi halikuwa na uwezo wa kulipia studio kubwa. Mpiga saksafoni, Vinny Mazzetta, alikuwa muumini wa parokia ya Mtakatifu Bernadette pale New Haven, naye ndiye aliyeomba ruhusa watumie ukumbi wa chini. Wakaingia humo Februari 1956 na vifaa vya kurekodia vilivyokuwepo, kinanda, dramu, saksafoni, na vijana wakaizunguka maikrofoni. Prodyuza wao, Marty Kugell, hakuwa mzee kuliko wao kwa mengi. Santuri ilitolewa kwanza na lebo ndogo ya hukohuko iitwayo Standord, na wimbo wetu uliwekwa upande wa pili. Upande wa kwanza ulikuwa "The Jones Girl", uliotarajiwa kuuza. Ember, lebo ya New York, ikauchukua na kuusambaza, na ma-DJ wakaigeuza santuri.

Ukiusikiliza kwa spika nzuri utasikia kitu ambacho rekodi za leo hukifuta kwa makusudi: utasikia chumba. Sauti hazikutenganishwa. Kinanda kiko mbali kidogo, dramu inasikika kama iko nyuma ya pazia, na waitikiaji wamechanganyika mpaka huwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Mwangwi wa kuta unazibeba zote. Studio ya kifahari ingezisafisha, na nina hakika ingeuharibu wimbo, kwa sababu kumbukumbu haiko safi. Unapokumbuka mtu uliyempenda zamani humsikii kwa karibu, sikioni. Unamsikia akiwa chumba cha pili. Rekodi hii ilipata umbali huo bila kuutafuta. Umaskini wa vifaa ulikubaliana na maneno ya wimbo.

Sasa tuingie kwenye muziki wenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu husema "ni mtamu tu" wakaishia hapo.

Wimbo mzima umejengwa juu ya kodi nne, yaani mikusanyiko minne ya noti zinazolia pamoja. Kwa lugha ya do-re-mi tuliyofundishwa kwenye makwaya, ya kwanza imesimama juu ya do, ya pili juu ya la, ya tatu juu ya fa, ya nne juu ya so, kisha unarudi do. Do, la, fa, so. Zunguka, zunguka. Mzunguko huu ulikuwepo kabla ya doo-wop, lakini makundi ya doo-wop yaliutumia sana hivi kwamba wanamuziki wengine waliuona kama mali ya makundi hayo.

Kwa nini unashika? Tazama noti zilizomo. Kodi ya do ina do, mi na so. Kodi ya la ina la, do na mi. Maana yake, kutoka ya kwanza kwenda ya pili, waimbaji wawili hawaondoki mahali pao. Do na mi wanabaki, na ni mmoja tu anayepanda ngazi moja, kutoka so hadi la. Hatua moja ya mtu mmoja, na rangi ya wimbo wote inageuka kutoka furaha kuwa huzuni. Kutoka hapo kwenda fa, ambayo ina fa, la na do, tena wawili wanabaki na mmoja tu, mi, anapanda nusu hatua. Huzuni inafunguka kidogo, inakuwa matumaini. Mpaka hapo hakuna aliyejisumbua. Kisha inakuja so, yenye so, ti na re, na sasa kila mtu analazimika kuhama. Hakuna hata noti moja iliyobaki. Kwa mara ya kwanza sikio linahisi limetolewa nyumbani. Na ti, noti inayosumbua kuliko zote, iko chini tu ya do, inataka kupanda. Inapanda. Tumerudi.

Kwa hiyo ndani ya sekunde chache msikilizaji amekaa nyumbani, ameguswa na huzuni, ametumaini, ametolewa nje, amerudishwa. Halafu mara nyingine. Nyimbo nyingi za dansi na rumba tulizokulia huku zinazunguka do, fa na so, na zina nguvu yake, nguvu ya kuchezesha. Kilichoongezwa na hawa ni ile la ya pili, kile kivuli kinachopita mapema kabla wimbo haujafika popote. Furaha inaguswa na huzuni katika hatua ya kwanza kabisa. Ndivyo kumbukumbu za mapenzi zilivyo.

Mwendo nao. Kila pigo kubwa limegawanywa vipande vitatu sawa, na kwa kuwa mapigo ni manne, kinanda kinagonga mara kumi na mbili: ta-ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta-ta, ta-ta-ta. Mtu wa pwani atasema mapigo ya tatutatu anayajua, maana chakacha nayo inagawanyika hivyo. Ni kweli, lakini chakacha inakwenda mbio, inaita kiuno. Hapa mwendo umepunguzwa mpaka unafanana na pumzi ya mtu anayelala. Ni mwendo wa wawili kucheza bila kuinua miguu, ule ambao kwenye kumbi zetu watu wazima waliuita bluzi na wakaungojea usiku kucha.

Zimebaki zile silabi. Wimbo unafunguliwa nazo, shu-du, shu-bi-du, kabla kiongozi hajatamka neno, na haziondoki. Wapo wanaozicheka kama utoto. Mimi naona ndizo kiini. Kwanza, hazihitaji mkalimani: mama anayembembeleza mtoto kwa "oo, oo" hasemi neno, na mtoto wa kabila lolote anamwelewa. Pili, angalia zinafanya nini na habari ya wimbo. Kiongozi anaimba juu ya usiku uliotulia, lakini utulivu wa usiku si ukimya. Aliyelala kijijini anajua usiku una sauti ya chini isiyokoma, ya vyura na nyenje, inayokufanya ujue kumetulia. Shu-du, shu-bi-du ndiyo sauti hiyo. Parris anasimulia usiku; wenzake wanauimba usiku wenyewe. Saksafoni inapochukua nafasi katikati ya wimbo, waitikiaji wanabadilisha silabi, na ukitega sikio chini yake utawasikia waziwazi wakisema du-wop, du-wa. Wapo wanaoamini jina la muziki huu lilitoka hapo. Wengine wanautaja wimbo wa The Turbans wa mwaka 1955. Ugomvi huo siwezi kuuamua, na sioni haja.

Lakini mzunguko wa do, la, fa, so ulitumiwa na mamia ya nyimbo wakati ule, na silabi walikuwa nazo wote. Nyingi zimekufa. Kwa hiyo uzuri wa ndani hautoshi kueleza. Lazima kuwe na watu waliousukuma mbele, na hapa anaingia Art Laboe.

Laboe alikuwa mtangazaji wa redio kusini mwa California. Aliandaa madansi El Monte, nje ya mipaka ya jiji la Los Angeles ambako sheria zilibana madansi ya vijana, na pale vijana weusi, weupe na wenye asili ya Mexico walicheza ukumbi mmoja. Redioni alifanya jambo ambalo msikilizaji wa Afrika Mashariki ataling'amua mara moja: alipokea salamu. Watu walipiga simu wakiomba wimbo na kuutuma kwa jina, kwa mpenzi, kwa mume aliye mbali, kwa ndugu aliye gerezani. Sisi tulikuwa na kadi za salamu. Wao walikuwa na Laboe. Akagundua kwamba wanaoomba hawataki vilivyotoka jana, wanataka nyimbo za miaka mitatu minne iliyopita. Mwaka 1959 akazikusanya kwenye santuri moja ndefu, na "In the Still of the Nite" ulikuwemo. Ni mojawapo ya santuri za kwanza za aina hiyo, na ilipata soko kubwa. Rekodi ileile ya chini ya kanisa, bila kuguswa, ikarudi kwenye chati mwaka 1960 na tena 1961. Mara tatu kwa jumla. Wimbo uliandikwa kama kumbukumbu, na miaka mitatu tu baadaye taifa lilikuwa limeshaanza kuukumbuka.

Naamini ni zile salamu zilizoufanya uwe wa watu. Maana wimbo huu, kwa kutotaja jina la msichana wala mahali, umeacha kiti kitupu katikati, na kila anayetuma salamu anamkalisha wake. Ungemtaja msichana wa Parris kwa jina, ungekuwa wimbo wa Parris.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Redio ya WCBS-FM ya New York, iliyojikita kwenye nyimbo za zamani, ilikuwa na desturi ya kuwapigisha wasikilizaji kura ya nyimbo 500 bora, na mara kwa mara huu ndio ulioshika nafasi ya kwanza, ukizipita zile zilizokuwa zimeuzidi mwaka 1956. Mwaka 1987 ukatiwa kwenye filamu ya Dirty Dancing, ambayo santuri ya nyimbo zake iliuzwa kwa mamilioni. Mwishoni mwa 1992 kundi la Boyz II Men wakauimba upya bila ala, kwa ajili ya filamu ya televisheni kuhusu familia ya Jackson, nao ukafika nafasi ya 3 kwenye chati kuu, juu sana kuliko ule wa asili. Wengi wa rika langu tuliusikia kwa hao kwanza, kwenye kaseti, tukadhani ni wao. Mwaka 2019 Martin Scorsese akafungua nao filamu yake, The Irishman: kamera inatembea taratibu kwenye ujia wa nyumba ya kutunzia wazee, na vijana wa New Haven wanaimba usiku wa Mei. Mwongozaji huyo hakuhitaji maelezo. Wimbo ulimwambia mtazamaji kuwa mzee yule ana usiku wake.

Kuna tafsiri moja ninayoikataa, kwamba watu wanaupenda kwa sababu unawarudisha kwenye zama za raha. Zama zipi? Februari 1956 watu weusi wa Montgomery, Alabama, walikuwa wameingia mwezi wao wa tatu wa kutembea kwa miguu kwa kugomea mabasi yenye ubaguzi. Parris mwenyewe alikuwa askari wa nchi ambayo katika majimbo yake mengi asingeruhusiwa kula hoteli moja na mzungu. Wimbo hausemi lolote kuhusu hayo, na sidhani ni kwa woga. Kijana mweusi aliyesimama akaimba kwamba alikuwa na usiku mmoja wa amani, chini ya nyota, na hataki kuusahau, alikuwa anasema jambo zito bila kupandisha sauti.

Haki za wasanii ni habari ya uchungu katika muziki huu wote. Vijana wengi walisaini karatasi wasizozielewa. Msomaji wa Afrika anaijua zaidi habari ya Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na kundi lake la Evening Birds, ndege nao, akalipwa shilingi kumi. Kundi la The Tokens, vijana wa doo-wop wa Brooklyn, waliufikisha nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1961 ukiwa na jina jingine na maneno mengine, na warithi wa Linda wakapata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, yeye akiwa ameshafariki tangu 1962. Naitaja hapa pia kwa sababu ya sauti. Linda alikuwa anapaa juu peke yake huku besi zikizunguka chini, mpangilio uleule, na haishangazi: waimbaji weusi wa Marekani walizuru Afrika Kusini tangu 1890 na kuacha alama, na alama zikasafiri kurudi. Wimbo wa Parris ulibaki na jina lake. Ni bahati ambayo wenzake wengi hawakuipata.

Bahati nyingine hakuwa nayo. Wimbo ulipovuma yeye alikuwa amehamishiwa Japani na jeshi. Kundi likaendelea bila yeye. Wimbo wao mwingine uliojulikana, "To the Aisle" wa mwaka 1957, aliuongoza Bill Baker. Aliporudi aliunda kundi upya, akaendelea kuuimba usiku ule wa Mei kwa miongo mingi, mpaka uzeeni, hadi alipofariki Januari 2022 akiwa na miaka 85. Kila alipopanda jukwaani alikuwa anakumbuka usiku ambao aliuandika akiwa tayari anaukumbuka.

Mwaka jana niliupeleka kwenye mazoezi ya kwaya. Si kwa ajili ya ibada. Nilitaka kuwafundisha waimbaji wasikilizane. Sikuwaeleza chochote kuhusu New Haven wala jeshi. Niliandika ubaoni do, la, fa, so, nikawapa besi wazishike, nikawapa tenori na alto zile noti mbili zisizohama, na soprano nikawaambia wasubiri. Ukumbi wetu umeezekwa bati, una kuta tupu, unarudisha sauti vibaya, au vizuri. Walipofika mzunguko wa tatu hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Walikuwa wameshaanza wenyewe kupunguza mwendo. Nikawaacha. Walipomaliza, mzee wetu mmoja wa besi, ambaye namjua na najua hajawahi kuusikia wimbo ule popote, alifunga daftari lake akaniuliza, "Mwalimu, hivi huu tuliuimba lini?"